Nimekulia chini ya Kilimanjaro, kamlima ka mita 1,545 huku China kamenitoa kamasi. Wajuvi, tatizo ni nini?

#1 Mmachame Ughaibuni

Wakuu, salamu.

Niko Jinan, mkoa wa Shandong, mwaka wa kwanza, bado nasota na kozi ya lugha kabla ya kuingia kwenye masomo yenyewe. Wikiendi iliyopita watu wa hosteli yetu, mchanganyiko wa Wapakistani, Wazambia na sisi Watanzania, tukaamua kwenda kupanda Taishan. Kutoka hapa ni treni ya mwendokasi, hujamaliza kupekua simu umeshafika Tai'an.

Kwa Wachina ule mlima ni mkubwa kwa heshima, si kwa urefu. Wafalme wao walikuwa wanakuja kutambika juu kule, Qin Shi Huang alipanda mwaka 219 kabla ya Kristo. Ndio uliochorwa nyuma ya noti ya yuani 5. Jiwe la kileleni limeandikwa mita 1,545. Nilipoisoma hiyo namba nikacheka. Mimi ni mtoto wa Machame, nimesoma Moshi, Kibo nimeiona dirishani tangu sijui kufunga kamba za viatu. Geti la Marangu peke yake liko juu ya mita 1,800!

Desturi ni kupanda usiku ili ukute jua linachomoza. Tukaanza Hongmen, Lango Jekundu, saa 4 na nusu usiku. Ni ngazi za mawe mwanzo mwisho. Mpaka Zhongtianmen, ndipo katikati ya njia, nilikuwa bado nawatania Wazambia. Baada ya hapo kuna sehemu inaitwa Shibapan: ngazi zaidi ya 1,600 zimesimama, na taa zimepangana juu kwa juu hadi unashindwa kujua ipi ni taa ipi ni nyota. Hapo wakuu nilikaa chini. Mapaja yanatetemeka yenyewe, nimeyashika kwa mikono miwili hayatulii. Bibi mmoja wa Kichina, umri wa bibi yangu kabisa, akapita na fimbo yake, akanitazama, akakata tango lake vipande viwili, kimoja akanipa, akaendelea na safari.

Kileleni nilifika na jua nimeliona. Kushuka ndiko kumenimaliza. Hadi leo ngazi za hosteli nazishuka kinyumenyume.

Sasa swali: mtu wa Kilimanjaro anatolewaje kamasi na mlima wa namna hii? Mimi nasema ni hewa ya huku. Wenzangu wanasema ni ngazi. Nani yuko sahihi?

#2 Kakakuona

Uzi wa mlima bila picha ni uzushi. Tuma picha. Hata ya tango.

#3 Mzee wa Makete

Kuuona Kibo dirishani si kuupanda, mdogo wangu. Mimi baharini nimekwenda mara nyingi na kuogelea sijui.

Sisi Makete tulikuwa tunapanda kwenda shule na kushuka kurudi, na begani una kuni za mwalimu. Kitulo kule ni juu ya mita 2,500 na watu wanalima viazi. Nyie wa mjini mnapanda bodaboda kutoka sokoni hadi mlangoni halafu mnasingizia hewa ya China.

#4 Kwa Mathias

Mzee wa Makete, wewe tangu tukufahamu uko Mbagala. Viazi unavijua vya chipsi.

#5 Nairobi Juu

Hebu ngoja kidogo. Mita 1,545? Boss, Nairobi tuko 1,700 na ushee. Kilele chenu kiko chini ya kitanda changu. Mimi nikilala tu nimeshawapita.

#6 Fundi Vipimo

Tuweke mambo sawa kabla watu hawajapotoshwa.

Moja, ile 1,545 ni ya jiwe. Wachina walipima upya na mwaka 2007 wakatangaza mita 1,532.7. Jiwe limebaki na namba ya zamani.

Pili, na hapa namjibu Nairobi Juu, mlima haupandwi kutoka usawa wa bahari wala kutoka kitandani kwako. Unapandwa kutoka pale unapoanzia. Mji wa Tai'an uko kama mita 150 tu juu ya bahari. Mleta uzi amenyanyua mwili wake karibu mita 1,400 kwa usiku mmoja.

Linganisha na huo Kilimanjaro anaotamba nao. Siku ya kwanza ya njia ya Marangu unatoka getini hadi kambi ya Mandara, mita 2,720. Hujafikisha hata mita 1,000 za kupanda, na ukifika unapewa chai na bisi, unalala. Usiku wa kileleni, kutoka kambi ya Kibo mita 4,720 hadi kilele cha Uhuru 5,895, ni mita 1,175. Kwa hiyo kwa kupanda tu, ukiacha suala la hewa, alichofanya Taishan ni zaidi ya usiku wa Uhuru. Hapo hakuna muujiza, ni hesabu.

#7 Mmachame Ughaibuni

Fundi Vipimo, Mungu akubariki. Hii naiprinti naibandika mlangoni.

#8 Nairobi Juu

Sawa, nimekubali hesabu. Lakini Longonot ni 2,776 na niliizunguka yote, kingo nzima ya ile kreta, na viatu vya harusi ya binamu yangu. Sikukaa chini na hakuna shosho aliyenigawia tango.

#9 Mpagazi Mstaafu

Nimefanya kazi mlimani miaka mingi, Marangu na Machame zote, kwanza kubeba mizigo, baadaye msaidizi wa kiongozi. Fundi Vipimo kasema kweli kwenye namba lakini kaacha jambo kubwa.

Njia ya kawaida inakuruhusu kuchagua hatua. Pakiwa pakali unakwenda upande, unakata kona, unafanya hatua fupi ya nusu kiatu. Ndiyo pole pole tunayowaimbia wageni. Wanadhani ni salamu, kumbe ni maelekezo ya kazi. Ngazi hazikupi uchaguzi huo. Aliyezichonga ameshakuamulia goti lako litainuka kiasi gani, na litainuka hivyohivyo mara elfu kadhaa, mguu uleule, pembe ileile. Nimeona wageni wenye miili ya mpira kabisa wanalia kwenye ngazi za miti kule msituni, halafu kwenye changarawe wanakwenda vizuri.

Kwa hiyo mimi nipo na wenzake. Ni ngazi.

Swali kwa mleta uzi: ulipanda kwa mwendo gani? Ulikuwa unaweza kuongea huku unapanda?

#10 Shahidi wa Hongmen

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Mimi ndiye Mtanzania mwingine wa hiyo safari.

Mwendo gani? Mpagazi, huyu bwana alianza kwa kukimbia. Alikuwa anatupita, anatusubiri kwenye kona, anaturekodi video, anatuambia "karibuni kwetu Kilimanjaro". Wapakistani wenyewe wanatoka kwenye milima ya kweli, walikuwa wanatembea kimya.

Halafu mwulizeni begi lilikuwa na nini.

#11 Kakakuona

Ngoja nivute kiti.

#12 Kwa Mathias

Begi lilikuwa na nini?

#13 Binti Kiembesamaki

Wakati tunasubiri habari za begi, nami niseme yangu.

Mie ni wa Unguja. Kwetu kilima kirefu kuliko vyote hakifiki mita 200, na tunakiita kilima kwa hisani tu. Nilikuja Uskoti kusoma, mwaka huohuo klabu ya chuo wakanichukua kupanda Ben Nevis. Mita 1,345, na unaanzia karibu kabisa na usawa wa bahari, kwa hiyo kupanda ni kama kwa huyu kaka wa Jinan. Nilifika juu na nikashuka na miguu yangu, na usiku nikapika wali.

Basi hiyo nadharia ya "mtu wa mlimani" mie siielewi. Kama ingekuwa damu, mie ningebaki chini na mbwa wa mwenye hoteli.

Kilichonisaidia: yule kiongozi wa klabu alinikagua tangu usiku. Akanivua jinzi. Alisema pamba ikilowa haikauki, inakunyonya joto, na kule juu hata mwezi wa sita theluji unaweza kuikuta kwenye mifereji. Nikaazimwa suruali ya mpira mpira, viatu vya kupanda, na koti la mvua. Ilinyesha mvua ya ubavuni, hiyo mvua ya kwao haitoki juu. Kileleni sikuona kitu zaidi ya mawe na magofu ya kile kituo cha hali ya hewa walichokijenga mwaka 1883. Ukungu mtupu. Watu wanapigana picha kama wamesimama ndani ya friji.

Kaka, ulivaa nini?

#14 Mmachame Ughaibuni

Dada Kiembesamaki, jinzi. Na fulana ya pamba. Chini kulikuwa na joto, mwezi wa 5 huu, watu wanatembea na feni za mkononi. Juu baridi ya kutoboa. Ila nilikodi yale makoti ya kijani ya kijeshi yanayokodishwa kule juu, mazito kama godoro. Yananuka jasho la taifa zima lakini yanasaidia.

Kuhusu begi, Shahidi anakuza mambo. Maji, ndizi, tambi za kikombe (juu zinauzwa bei mbaya, kila ukipanda na bei inapanda), chaja ya akiba, shuka jepesi. Vitu vya kawaida.

#15 Shahidi wa Hongmen

Na?

#16 Mmachame Ughaibuni

Na laptopu. Chumba chetu kufuli lilikuwa limeharibika, ningeiacha kwa nani? Laptopu ina kilo mbili na kidogo, isisingiziwe.

#17 Kakakuona

😂😂😂 Kapanda mlima wa wafalme na laptopu. Ulitaka kumtumia Qin Shi Huang barua pepe?

#18 Kwa Mathias

Mzungu anabeba kamera, sisi tunabeba mali zote maana hatujui kama tutarudi.

#19 Daktari Mtarajiwa

Nasoma udaktari, Wuhan, mwaka wa nne. Naomba nijibu lile la hewa kisha la kushuka.

Hewa: ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuwasumbua watu kuanzia kama mita 2,500 kwenda juu. Kwenye 1,500 mtu mzima mwenye afya haumwi kwa ajili ya hewa kuwa nyepesi. Arusha mjini ni karibu mita 1,400, mbona watu wanacheza mpira? Ondoeni hiyo.

Kushuka: hapa ndipo penye utamu. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja ikikusukuma juu. Unachoka, unahema, lakini nyuzi zake haziumii sana. Unaposhuka, misuli hiyohiyo inafanya kazi ya breki: inavutika huku imekaza, kila ngazi. Hiyo kazi ya kuvutika ikiwa imekaza ndiyo inayochana nyuzi ndogondogo. Maumivu hayaji palepale. Yanaanza kesho yake, yanakolea siku ya pili au ya tatu, halafu yanaondoka yenyewe. Ndiyo maana anashuka ngazi za hosteli kinyumenyume na kuzipanda hana shida. Kweli au si kweli, mleta uzi?

Na tahadhari, hili si la utani: ukiona mkojo umekuwa na rangi ya soda nyeusi baada ya zoezi la namna hiyo, usikae hosteli unakunywa juisi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli ikivunjika sana uchafu wake unakwenda kuumiza figo.

#20 Mmachame Ughaibuni

Daktari, kweli kabisa, kupanda napanda vizuri. Mkojo uko salama, asante.

Lakini hewa sijakubali. Sisemi ni nyepesi, nasema ni nzito. Mwezi wa 5 Shandong kuna vumbi la kaskazini, mavumbi ya miti, moshi wa ubani njia nzima, kila hekalu wanachoma. Nimekohoa mpaka juu.

#21 Mpagazi Mstaafu

Daktari umetulia. Nyongeza: sisi mlimani tunasema kupanda ni hiari, kushuka ni lazima. Mgeni anaishiwa nguvu zote kileleni akidhani kazi imekwisha. Ajali nyingi nilizozishuhudia zilikuwa za kushuka, na nyingi karibu na kambi, mtu ameshaanza kufikiria soksi kavu.

Lakini kwenye Taishan, Shahidi atuambie, si kuna vibanda vya kuning'inia kwenye waya? Kwa nini hamkushuka navyo?

#22 Shahidi wa Hongmen

Vipo. Kutoka Nantianmen, lile lango la juu, unashushwa hadi Zhongtianmen, halafu pale kuna mabasi ya kukuteremsha mjini. Mimi na Wazambia tulipanda vibanda. Mwenzetu akasema hela hiyo ni ya chakula cha siku nzima na "mtu wa Kilimanjaro hashushwi kama kreti ya soda". Tulimngoja stesheni. Treni ya kwanza ilituacha.

Na yule bibi wa tango tulimkuta kwenye kibanda kimojawapo, ametulia, anakula yai.

#23 Bi Mwanaasha

Wanangu mnahesabu mita na misuli, hamjauliza kama alibisha hodi. Mlima wa watu una wenyewe. Umefika na kelele, unajisifia mlima wa kwenu mbele ya mlima wa wenzio, unakimbia usiku. Ulitegemea upokewe na ngoma?

#24 Fundi Vipimo

Bi Mwanaasha shikamoo. Heshima yako ipo, ila mlima ni jiwe.

#25 Bi Mwanaasha

Marahaba. Na wewe ni udongo, mbona unaumwa roho?

#26 Kakakuona

Fundi kapigwa goli la kichwa.

#27 Shahidi wa Hongmen

Bi Mwanaasha, huku wenyewe wangekuelewa haraka kuliko Fundi. Karibu na kilele kuna hekalu la Bixia, mama wa ule mlima, na wale wabibi wengi tuliowaona hawakwenda kutazama jua. Wanapanda kuomba wajukuu, afya, mitihani. Njia nzima kuna vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye miti na makufuli kwenye minyororo. Na mwenzetu alifunga kitambaa, tena kikubwa.

#28 Mmachame Ughaibuni

Nilifunga. Niliombea mtihani wa lugha.

#29 Bi Mwanaasha

Ulipanda kuomba mtihani, ukapewa mtihani. Sasa unalalamika nini?

#30 Kibosho Kirima

Mimi nataka kurudi alipoanzia mleta uzi, kwamba yeye ni mtu wa Kilimanjaro. Wakuu tuambiane ukweli, sisi Wachaga wenyewe hatukuwa wapandaji. Mlima tulikuwa tunautazama na kuuheshimu, tukizika tunageuza macho ya maiti kwake. Kupanda kileleni kulikuja na Mzungu. Mimi nina miaka 40, ukoo mzima aliyefika Uhuru ni mjomba mmoja, na alikuwa kazini. Kwa hiyo kijana asijilaumu.

#31 Mpagazi Mstaafu

Kibosho, nusu nakubali, nusu nakupinga. Hans Meyer na Purtscheller walifika juu mwaka 1889 ndiyo, lakini nani aliwaonyesha njia msituni? Vijana wa Marangu. Yohani Kinyala Lauwo anatajwa kama kiongozi wao, ingawa wanaojua historia bado wanabishana alifika nao mpaka wapi. Na hadi leo, kila mgeni unayemwona na bango la Uhuru, nyuma ya picha kuna Wachaga, Wameru, Waarusha na wengine wamebeba hema, jiko la gesi na mayai trei nzima bila kuvunjika hata moja. Hatukupanda kwa starehe, hilo ndilo sahihi. Kwetu kupanda ni mshahara.

Ndiyo maana kijana wa mjini Moshi hana uzoefu wowote. Aliyepanda ni yule wa kubeba, na yule wa kubeba hana muda wa kuanzisha nyuzi.

#32 Nairobi Juu

Hii nayo ni kweli Kenya. Mlima Kenya nilikwenda Lenana, 4,985, na kundi la kanisa. Waliobeba mizigo walitupita na raba zilizotoboka, wakafika, wakapika, wakaosha sufuria, sisi bado tunaimba "nitainua macho yangu" kwenye tope.

#33 Fundi Vipimo

Taishan nako kuna wabebaji, wa kutumia mti begani na mizigo ikining'inia pande mbili. Gari haliendi juu. Zamani kila tofali na kila chupa ya maji ya kule juu imepita begani kwa mtu. Siku hizi waya zimepunguza kazi hiyo.

Jambo moja la kufurahisha: Taishan na Kilimanjaro ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 1987.

#34 Mzee wa Makete

Kwa hiyo ni mapacha. Kijana kapigwa na shangazi yake.

#35 Shahidi wa Hongmen

Kwa wanaofikiria kuja: siku hizi kuna vijana wa vyuo wanalipwa kukusindikiza hadi juu, wanakubebea begi, wanakupiga picha, ukikaa chini wanakuimbia. Na mwaka 2025 walianza kukodisha mashine ya kufunga kiunoni na mapajani, inakusaidia kuinua mguu. Inafanana na mkanda wa fundi umeme.

#36 Kakakuona

Na laptopu unaichajia humohumo.

#37 Binti Kiembesamaki

Jamani mmemwonea vya kutosha. Mie nina swali ambalo hamjamwuliza: alilala saa ngapi jana yake, na alikula nini? Maana kupanda usiku si sawa na kupanda asubuhi umekunywa uji. Ule ni muda wa mwili kulala. Mie hata Ramadhani, kazi ileile niliyoifanya saa 3 asubuhi, nikiifanya saa 9 usiku naiona imekuwa nzito maradufu.

#38 Mmachame Ughaibuni

Dada, hapo umegusa penyewe. Ijumaa usiku tuliangalia mpira, kwa saa za huku unaisha alfajiri. Jumamosi mchana nikawa na mazoezi ya kuandika herufi. Jioni kabla ya treni tukala huoguo, ile sufuria ya kuchemshia nyama mezani, yenye pilipili ya kufa ganzi mdomo.

#39 Daktari Mtarajiwa

Hukulala, tumbo limejaa mafuta na pilipili, umevaa pamba, umekimbia mwanzo, umebeba kilo za ziada, umepanda mita 1,400 na kuzishuka zote kwa miguu. Halafu unauliza hewa?

#40 Mmachame Ughaibuni

Daktari, Wapakistani walikula sufuria ileile, na mpira tuliangalia wote.

#41 Daktari Mtarajiwa

Hapo sina jibu la haraka. Walitembea taratibu.

#42 Mpagazi Mstaafu

Si umri, si kabila, si chakula. Mwendo na ngazi. Nimemaliza.

#43 Fundi Vipimo

Mpagazi, kama ni ngazi, yule bibi alizipandaje? Ngazi ni zilezile.

#44 Mpagazi Mstaafu

Bibi ana fimbo. Fimbo inahamisha uzito kwenda mikononi, hasa kushuka. Na anazijua zile ngazi. Huenda kila mwaka anakuja.

#45 Bi Mwanaasha

Na alibisha hodi.

#46 Mtoto wa Tabora

Poleni na mjadala wakuu, nimeusoma wote. Mimi naenda Xi'an mwezi wa 9 kuanza shahada, nimeona Huashan iko karibu, ndiyo ile yenye ubao wa kutembelea ukingoni mwa jabali. Ni ngumu kuliko hii ya mleta uzi? Tabora kwetu ni tambarare, sijawahi kupanda hata mwembe.

#47 Shahidi wa Hongmen

Karibu China. Huashan ni mita 2,154, ndiyo ndefu kuliko milima mingine minne mitukufu ya huku, na ni kali, sehemu nyingine unashika mnyororo. Ule ubao si lazima, ni wa hiari na unafungwa mkanda. Kama ni mara ya kwanza, panda na vibanda vya waya, tembea kule juu, shuka na vibanda. Nenda na pasipoti na kitambulisho cha chuo, wanafunzi hupunguziwa kiingilio.

#48 Mzee wa Makete

Mtoto wa Tabora, usiwasikilize. Panda kwa miguu.

#49 Kwa Mathias

Kijana, huyo anayekushauri hapo juu, juzi lifti ya jengo la Posta imeharibika ameahirisha shughuli yake hadi Jumatatu. Ghorofa ya tatu.

#50 Mzee wa Makete

Ya nne.